Bonde la Msimbazi: kulijenga au kuliachia maji?
Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda, ukipita Jangwani, uwanda unaotamaniwa na kila mwekezaji kwa kuwa uko hatua chache tu kutoka Kariakoo.

Kulijenga bonde kuna mvuto wa wazi: viwanja vya thamani, kodi na ajira. Hata hivyo, anayemwaga kifusi bondeni haondoi maji, bali huyasukuma kwa jirani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara kadhaa, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Njia ya pili, inayofuatwa na mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ni kuupanua mkondo, kugeuza kingo kuwa bustani, kuinua daraja la Jangwani na kujenga pembezoni tu. Eneo la kuuza hupungua, na wanaobomolewa nyumba huumia (fidia ilistahili kuwa mjadala wa kwanza). Mimi naiona hii kuwa nafuu zaidi hata kibiashara, kwa sababu maji yakiifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, abiria, mizigo na wateja wa Kariakoo hukwama ng'ambo.