Tiketi ya London–Paris: hesabu mlango kwa mlango, usihesabu angani

Wasomaji wangu walioko Uingereza wananiletea lalamiko lilelile: wamekata tiketi ya ndege kwenda Paris wakiambiwa safari ni saa moja na robo, wakafika kwa wenyeji wao siku imeshakwisha.

Hiyo saa moja na robo ni kweli, lakini ni ya ndege, si ya msafiri. Kati ya London na Paris ni kilomita 340 hivi kwa mstari ulionyooka, na ndege ikishapaa haimalizi saa nzima angani. Shida iko kwenye jina la uwanja. Luton inauzwa kama London ilhali iko kilomita 50 hivi kaskazini ya jiji. Gatwick nayo iko mbali karibu hivyohivyo, upande wa kusini. Ukitua Charles de Gaulle bado una kilomita 25 mpaka katikati ya Paris, na kabla ya kuipanda ile treni ya RER B kuna foleni ya pasipoti. Jumlisha na muda wa kuwahi uwanjani: saa tano zimekwenda. Juu ya hayo, saa ya Paris iko mbele kwa saa moja, na hiyo huipati tena mpaka urudi.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni treni ya Eurostar, na sioni aibu kuipigia debe. Inatoka stesheni ya St Pancras, London, hadi stesheni ya Gare du Nord, Paris, kwa saa mbili na dakika ishirini hivi, mjini hadi mjini, ikipita chini ya bahari kwenye njia iliyofunguliwa 1994. Pasipoti inakaguliwa na Wafaransa palepale St Pancras kabla hujapanda, kwa hiyo ukishuka Paris unatembea zako tu. Masanduku mawili na begi la mkononi hulipii zaidi. Mwenye watoto na mizigo ya zawadi ananielewa.

Ya pili ni ndege ya Heathrow, British Airways au Air France, kama unakaa magharibi ya London, au unaunganisha safari ya Nairobi pale Charles de Gaulle. Hapo panda ndege bila kusita.

Ya tatu ni ndege za bei nafuu za Gatwick na Luton. Usitazame nauli kabla hujaongeza bei ya begi. Basi la kutoka stendi ya Victoria, London, ni la mwenye muda: safari ya saa nane au tisa.

Ila treni nayo bei yake inaniudhi. Kwenye njia hii haina mshindani wa reli, na ukichelewa kukata, nauli inapanda mpaka unajuta. Kata mapema, siku za katikati ya wiki.

Wanaoniudhi zaidi ni mawakala wanaowauzia tiketi watu wetu wenye pasipoti za Kenya na Tanzania bila kuwauliza kama wana viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa, na ikiwa ni ya kuingia mara moja, haikurudishi London. Wakala asiyeuliza hayo kabla ya kupokea hela yako, mwache, nenda kwa mwingine.