Mwongozo wa UCSF kuhusu wagonjwa transjenda: tathmini ya muuguzi wa kliniki

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya huduma ya msingi nchini Marekani, na chuoni sikufundishwa lolote kuhusu wagonjwa transjenda, yaani wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Pengo hilo nimelijaza kwa mwongozo wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco (UCSF), uliohaririwa na Madeline Deutsch, ambao toleo lake la pili lilitoka Juni 2016 na husomwa bure mtandaoni.

Sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ya uchunguzi wa saratani. Kanuni yake ni nyepesi: pima kiungo alichonacho mgonjwa, bila kujali faili lake linamwita mwanamume au mwanamke. Mwanamume transjenda ambaye bado ana mlango wa kizazi hupimwa kwa ratiba ileile ya wanawake, na mwanamke transjenda hubaki na tezi dume hata baada ya upasuaji wa kutengeneza uke. Mwongozo unaonya pia kwamba kwa wanaotumia testosteroni, homoni ya kiume, sampuli ya mlango wa kizazi hushindwa kusomeka mara nyingi zaidi, hivyo fomu ya maabara itaje dawa hiyo na kukoma kwa hedhi, na ieleze waziwazi kuwa sampuli ni ya mlango wa kizazi. Laiti ningalijua hayo mapema! Sampuli ya mgonjwa wangu wa kwanza ilirudishwa kwa sababu fomu ilisema "mwanamume", nami nikalazimika kumwita tena kwa kipimo alichokivumilia kwa shida.

Majedwali ya homoni yako wazi, pamoja na ukumbusho wa kupima potasiamu na figo kwa anayetumia spironolaktoni, dawa ya kuzuia athari za homoni za kiume.

Kwa mapokezi, mwongozo unashauri maswali mawili: jinsia anayojitambua nayo mgonjwa, na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Sisi tuliolelewa na "yeye" ya Kiswahili hudhani tumesalimika, kumbe "bibi" na "bwana" hututoka kabla hatujafikiri.

Kasoro kubwa ya mwongozo ni umri wake. Viwango vipya vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la nane, vilitoka mwaka 2022, kwa hiyo kabla ya kuandika dozi ni lazima kulinganisha. Tena ni maandishi matupu, yasiyomzoesha mtu kuuliza maswali ya mapokezi kwa sauti. Kliniki kwetu tulisoma sura moja kila wiki wakati wa chakula cha mchana, tukiigiza mapokezi, na mhudumu wa dawati ndiye aliyegundua kwamba fomu yetu haikuwa na nafasi ya jina analotumia mgonjwa.