TAHADHARI: Kuna "koili mpya" za pikapu zinauzwa Mtwara mjini, kumbe ni zetu wenyewe zimepakwa rangi

Wakuu wa Kusini, hasa wenye Hilux za kabureta, msinunue koili (kile kifaa kinachokuza umeme wa betri hadi plagi ziruke cheche) kwa jamaa anayepokea oda kwa simu hapa Mtwara mjini na kukukabidhi mzigo kwenye chumba cha uani kisicho na kibao. Jina silitaji humu. Utamjua kwa mambo mawili: anakujaribia koili kwa betri mbele ya macho yako, na hakubali uondoke na koili yako ya zamani.

Yangu ni Hilux ya mwaka 1989, injini 22R ya petroli. Ugonjwa wake ni ule ule ambao wengi mnao. Asubuhi linawaka stata moja, silensa (mngurumo gari likiwa limesimama) imetulia, unaweza hata kulisifia kwa watu. Likishachemka vizuri, dakika 25 hivi, linazima ghafla kama mtu kazungusha swichi. Huwa napeleka bidhaa za duka Mtama, basi kituo chake cha kwanza kikawa kile kilima cha kutokea Mikindani. Unakaa nusu saa watoto wanakuangalia, unapiga stata, linawaka kama si lenyewe, halafu linalala tena njiani kabla hujaiona Mnazi Mmoja.

Fundi akasema koili. Na kweli ilikuwa koili, hilo nimekuja kulijua baada ya miezi miwili. Nikaenda kwa jamaa. Boksi safi, maandishi ya Kijapani, koili inang'aa nyeusi. Bei 90,000, ukimwachia ya zamani anakupunguzia 10,000, eti anakusanya chuma chakavu. Akaiunga kwenye betri pale pale, cheche ikaruka ya bluu, ta ta ta. Nani angebisha? Risiti nilipodai akaniuliza kama mimi ni wa TRA.

Siku ya pili, kilima cha Mikindani, gari kimya.

Hapa ndipo nilipoumia zaidi ya hiyo 80,000. Kwa kuwa koili ni "mpya", mimi na fundi tukaiondoa kabisa kwenye mawazo. Tukanunua pampu ya mafuta, 65,000. Tukanunua seti ya vifaa vya kukarabati kabureta, 40,000. Fundi akaanza kuitazama hedi ya injini kwa jicho la tamaa, nikamwambia hapo sasa basi. Siku zote hizo hakuna aliyechomoa waya wa plagi gari likiwa limezima. Hilo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Koili ina nyaya nyembamba mno zilizozungushwa maelfu ya mara. Pakiwa na mkatiko ndani, joto linatanua vitu, ncha zinaachana, moto haufiki kwenye plagi. Ikipoa zinagusana tena, gari linawaka. Kwa hiyo koili ya namna hiyo ukiijaribu mezani ikiwa baridi lazima itoe cheche nzuri. Jamaa analijua hilo vizuri, ndiyo maana hana wasiwasi wowote akikuonyesha.

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Lindi, naye ana Hilux kama yangu, akanipigia: "Shem, nimepata koili jenuini kwa bei poa huko kwenu, kesho nakuja tuifunge." Alipoitoa kwenye boksi nikaigeuza. Chini, mahali mabano yanapobana, rangi ilikuwa nyembamba na alama ya msumari inaonekana: herufi mbili, za kwangu mimi. Niliichonga mwenyewe zamani, maana gereji vitu hubadilishana wenyewe. Nikakwangua kidogo, zikatokea wazi. Shemeji kalipa 85,000 kwa koili yangu mbovu!

Tukarudi kwa jamaa wote wawili. Nikamwambia haya, itie kwenye nailoni, tuizamishe kwenye maji ya moto dakika 20, kisha tuipime kwa mita. Akasema nitamharibia mali. Mali ya nani? Pesa hakurudisha. Shemeji anataka kupeleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani, ila bila risiti tunaanza na mguu mmoja. Dai risiti kabla hujatoa hela, mimi nilidai nikacheka nikaondoka.

Kipimo hicho tukakifanya nyumbani. Mita kwenye ohm, ncha moja shimo la waya mkubwa, nyingine kwenye chanya. Ikiwa baridi ilisoma maelfu ya ohm kama kawaida. Ikiwa ya moto, haikusoma kitu. Koili nzima ikipata joto namba hupanda kidogo tu, haipotei.

Na barabarani, gari likizima msisubiri lipoe, maana likipoa ushahidi umeondoka. Pale pale chomoa waya wa plagi, weka plagi ya akiba, igusishe kwenye bloku (ishike kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, mbali na petroli), mtu apige stata. Hakuna cheche, au ni ya njano dhaifu: shida ni koili au ile ignaita (kidude cha kielektroniki kinachokata na kuunga umeme wa koili) iliyo ubavuni mwake. Weka kitambaa chenye maji juu ya koili, likiwaka mapema umempata. Cheche ni nzuri? Tazama kioo cha kabureta kama petroli ipo, kisha fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia linavuta hewa fyuuu, tundu la mfuniko limeziba, na hilo halikugharimu hata shilingi.

Gari langu sasa lina koili tuliyoitoa kwenye Hilux bovu ya jirani. Safari sita za Mtama, kilima linapanda bila neno.

Mlionunua kwake, fungueni mabano mkwangue rangi. Ile aliyoniuzia mimi nimeikwangua pia, ina X tatu zilizochongwa kwa kitu kama bisibisi. Mwenye X tatu, koili yako ninayo, njoo uichukue.