Endimili za kabaidi za milimita 10: zinakata vizuri ukizishika vizuri

Kwa miezi mitatu nimetumia endimili (visu vya kuzunguka vya mashine ya kuchonga chuma) za kabaidi, mchanganyiko mgumu kuliko chuma, zenye meno manne na utando wa zambarau iliyokolea, nilizozinunua katika duka moja la Gerezani, Dar es Salaam, kwa kuchonga mifereji ya funguo (vipande vya chuma vinavyofunga gia au puli kwenye shafti) kwenye shafti za chuma laini.

Ya kwanza ilivunjika siku ya pili, na kosa lilikuwa langu: niliiacha ichomoze milimita 45 nje ya koleti (kishikio kinachobana kisu kwenye mashine) iliyochakaa, na nilipoipima nikakuta inayumba kwa milimita 0.04, maana yake jino moja lilikuwa likibeba kazi ya mengine. Nilipobadilisha koleti na kuifupisha hadi milimita 25, ya pili ilikata kwa mizunguko 3,200 kwa dakika, yaani kasi ya meno ya mita 100 hivi kwa dakika, nikiisukuma milimita 640 kwa dakika, na maranda yakatoka mafupi, yenye ubuluu kidogo, yakiondoka na joto badala ya kuliacha kwenye meno. Wanaoogopa kusukuma huziua mapema, kwani jino lisilong'ata husugua tu.

Maji ya kupozea sikuyatumia, kwa sababu kabaidi yenye moto ikimwagiwa kwa vipindi hupata nyufa. Upepo wa kompresa ulitosha.

Kwa alumini sizipendekezi: ilinata kwenye meno ndani ya dakika chache. Huko zinafaa zenye meno mawili au matatu, zisizo na utando huu. Bei ni kubwa, ila hii ya pili imemaliza shafti 38, na ni kona moja tu iliyoanza kuonyesha mstari mweupe wa kulika.