Kikokotoo cha safari za ndege: kilomita naziamini, saa kidogo

Hapa kwetu ukitaja kikokotoo watu wanawaza mafao ya wastaafu, sura zinakunjamana. Hiki changu hakina ugomvi na mtu. Ni tovuti ya bure: unaandika uwanja unaotoka na unaokwenda, inakupa umbali na muda wa kuruka.

Nilikihitaji kwa sababu ya shangazi. Ana duka la mapazia Kariakoo, na Oktoba tulikuwa tunakwenda Guangzhou, China, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, mimi nikiwa mbeba mizigo wake. Akikaa sana miguu inavimba, kwa hiyo swali lake lilikuwa moja: “Mwanangu, huko juu tunakaa masaa mangapi?”

Nikaandika DAR, kisha CAN. Akachungulia simu: “Canada tunaendea nini?” Kumbe ndiyo alama ya Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, imetokana na Canton, jina la zamani la mji. Jibu likaja: kilomita 8,700 na ushee, saa 10 na dakika 45.

Umbali sina shaka nao. Hupimwa kwa kufuata mviringo wa dunia, kama ukikaza uzi juu ya tufe kutoka mji hadi mji. Muda ndio wa kushika kwa mkono wa kushoto: inagawa kilomita kwa mwendo wa wastani, kama 850 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haijui upepo, wala foleni ya magari pale TAZARA, njiani kwenda uwanjani.

Tena hizo ni saa za ndege ya moja kwa moja. Air Tanzania ipo, ila siku zake hazikuoana na zetu, ikabaki kupitia Addis Ababa au Dubai. Wakala wa tiketi alishikilia kwamba Addis ni njia ya mkato. Nikaingiza kipande kimoja kimoja. Addis: 1,760 na 8,040. Dubai: 3,980 na 5,830. Zote zinagonga 9,800! Ila Dubai inaikata safari vizuri zaidi, wakati ukitoka Addis unabaki na kama saa 10 za mfululizo. Kwa miguu ile, mjadala ukaishia hapo. Kwa hili tu nilikipenda.

Kwenda, kipande cha Dubai hadi Guangzhou kilikaribiana na saa 7 na dakika 20 za tovuti. Kurudi tulikaa hewani zaidi ya saa 8, maana upepo wa juu kule huvuma kutoka magharibi na sisi tunaupiga kifua. Tovuti inatoa namba ileile kwenda na kurudi. Hapo nimekata nyota moja.

Ya pili nimeikata kwa sababu haikumbushi kwamba Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5, wala haiulizi utasubiri muda gani njiani. Nilijumlisha saa za hewani peke yake nikampa dada, binti yake shangazi, saa ya kutegemea simu. Zile saa nne za kukaa Dubai nilizisahau kabisa. Dada alikesha.

Nyota tatu, basi. Shangazi siku hizi akifunga duka ananiagiza nimwandikie mji mwingine. Jana ilikuwa Istanbul, kwa vitambaa vya Kituruki: kilomita 5,460 hivi, saa 7 kasoro. Akaitazama miguu yake, akasema tutaona.