Mafuta ya alizeti: kukamua kwa mashine au heksani?

Kwa mazingira, mashine inashinda. Kule Singida mbegu humiminwa juu, parafujo inazibana, mafuta yanachuruzika chini na mashudu yanatoka upande wa pili yangali moto. Hakuna kemikali. Ila mashudu hayo hubaki na mafuta, mara nyingi asilimia 6 hadi 10 au zaidi. Wanaofaidi ni ng'ombe na kuku.

Heksani, kimiminika kinachotokana na petroli ambacho huyeyusha mafuta na kuyatoa kwenye mbegu, huacha takriban asilimia 1 tu ya mafuta kwenye mashudu. Huchemka kwenye nyuzijoto 69 hivi, kwa hiyo hukusanywa na kutumika tena, lakini kiasi huvujia hewani, na moto ikiudaka ni balaa. Hiyo waachiwe wenye viwanda vikubwa. Mkamuaji mdogo akaushe mbegu vizuri, kisha akaze mashine.