Vifaa vya kujifunzia kunyanyua vizito nyumbani: kipi kinunuliwe kwanza

Anayetaka kuanza kunyanyua vizito nyumbani karibu kila mara huuliza, "Ninunue cha kilo ngapi?" Ningependa aanze na swali lingine: nikishindwa katikati, mzigo huu utaangukia wapi? Jimu kuna kocha, na kuna mwenzako wa kukuokoa chuma kikikulemea kifuani. Nyumbani uko peke yako, pengine mlango umefungwa na watu wamelala. Kifaa unachoweza kukiachia wakati wowote bila kuumia ndicho utakachokizoea, kwa kuwa hukiogopi. Ukikiogopa, pumzi itakukatika na mgongo utapinda, na hapo hakuna mbinu utakayojifunza.

Swali la pili: uzito wake unaongezeka kwa hatua ndogo kiasi gani? Mwili hujifunza kwa kurudia mzigo unaouweza, kisha kuongezewa kidogo. Kwenye ufuo wa Djúpalónssandur, karibu na Dritvík huko Iceland, yapo mawe manne ambayo wavuvi wa zamani walijipimia nguvu: la kilo 23, la 54, la 100 na la 154. Aliyeshindwa la kilo 54 alihesabiwa hafai kupiga kasia. Ni mawe yenye heshima yake, lakini itazame ngazi hiyo: kutoka la kwanza hadi la pili uzito unazidi maradufu. Yalikuwa mawe ya kumpimia mtu, hayakuwa ya kumfundishia. Vifaa vingi vinavyouzwa leo kwa jina la mashindano ya wababe wa nguvu vina kasoro hiyohiyo, na ndiyo maana orodha yangu haianzi na vile vinavyopendeza kwenye picha.

Nafasi ya kwanza: kiroba cha mchanga

Nakiweka mbele ya chuma, na nina hakika na uamuzi huo. Kiroba ukikiachia kinaanguka kwa kishindo kizito na kutulia hapohapo. Hakidundi wala hakiviringiki kwenda kwenye kidole cha mguu. Uzito wake unaongezwa kwa kopo. Zaidi ya hayo, kiroba hakikuruhusu udanganye. Chuma kina mshikio ulionyooka, lakini mchanga unahama ndani, unakwepa mikono na kukuvuta upande mmoja. Ukilegea tumbo unajua papo hapo.

Namna ya kukiinua ni hii. Simama kiroba kikiwa katikati ya nyayo zako, miguu imepanuka kidogo kuliko mabega. Shuka, pitisha mikono chini yake mpaka vidole vikaribie kukutana. Vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi. Kivute kikugande kifuani kwanza, ndipo kiondoke sakafuni. Mgongo wa juu utajikunja kukizunguka, na kwa mzigo wa kukumbatia hilo ni kawaida. Usiyumbe tu katikati ya safari, ukajikunja na kujinyoosha huku umebeba. Kipandishe hadi mapajani, chuchumaa nacho hapo kama uliyempakata mtoto. Hapo ndipo unapobadilisha mshiko: mkono mmoja juu, mwingine chini, kidevu karibu na kiroba. Vuta pumzi nyingine, kisha simama kwa kusukuma nyonga mbele. Hatua hizi ndizo zilezile wanazotumia wababe kupandisha mawe ya duara jukwaani, ila wewe unazijifunza kwa kilo 25 badala ya 120.

Sasa ununuzi. Angalia mshono kabla ya kitambaa. Kiroba changu cha kwanza kilikuwa cha turubai nene la kuvutia, lakini mshono wa kitako ulipigwa mstari mmoja tu. Wiki ya tatu ukafumuka nikiwa nimekibeba kifuani, na mchanga wote ukamwagika miguuni. Tangu siku ile nageuza kiroba ndani nje kabla sijalipa. Nataka mshono wa mistari miwili au zaidi, kingo zimekunjwa, na mdomo unaofungwa kwa zipu iliyofunikwa na ulimi wa kitambaa. Vifuko vya ndani vya kilo tano au kumi ni bora kuliko kumimina mchanga moja kwa moja, maana unapunguza na kuongeza bila kuchafua nyumba.

Usiamini kilo zilizoandikwa kwenye tangazo, uliza ujazo. Lita moja ya mchanga mkavu ina takriban kilo moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo kiroba cha lita 40 kikijaa kinakaribia au kupita kidogo kilo 60. Muuzaji akikuambia kiroba cha ukubwa huo kinabeba kilo 100 za mchanga, hajawahi kukijaza. Tumia mchanga mkavu kabisa: ulioloa hubadilika uzito na kuotesha ukungu. Ili kujua kilo hasa, panda kwenye mizani ya chumbani ukiwa umekikumbatia, kisha toa uzito wako. Theluthi ya uzito wako inatosha kuanzia, na kama hujawahi kabisa kubeba vizito, robo.

Kuhusu vishikio vya pembeni: kiroba chenye mikanda mingi ya kushikia ni rahisi siku ya kwanza, lakini kinakunyima kile ulichokinunulia, yaani kukumbatia. Chagua kisicho na vishikio, au chenye viwili ambavyo unaweza kuvipuuza.

Nafasi ya pili: mtaimbo na sahani zake

Mtaimbo hapa namaanisha chuma kirefu kinachovishwa sahani za uzito ncha zote mbili. Kwa swali la hatua ndogo hauna mpinzani. Ukiwa na sahani ndogo za kilo 1.25, unatoka 40 kwenda 42.5, ongezeko la asilimia sita hivi. Linganisha na ketibeli, kile chuma cha duara chenye mshikio kama wa birika: kutoka ya kilo 16 kwenda ya 24 umeongeza nusu nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo ununuapo seti usiulize kwanza sahani kubwa zipo ngapi. Uliza ndogo zipo.

Mtaimbo wa kawaida wa mashindano una kilo 20, urefu wa mita 2.2, na ncha za kupokea sahani zenye kipenyo cha milimita 50. Uliotengenezwa kwa wanawake una kilo 15 na ni mwembamba mahali pa kushikia, milimita 25, na mwanamume mwenye viganja vidogo hapotezi kitu akiuchagua. Ipo pia mitaimbo mifupi ya ncha za milimita 25, ambayo ni nafuu. Inafaa kuanzia, ila ujue kwamba sahani za tundu kubwa hazitaikaa, na utakapotaka kupanda daraja utanunua kila kitu upya.

Ukiwa dukani, uviringishe mtaimbo sakafuni. Ukipepesuka katikati, umepinda. Shika ncha uizungushe kwa kidole: izunguke taratibu bila kukwaruza, wala isicheze kushoto na kulia. Pitisha kiganja kwenye michongo ya mshikio. Inapaswa kukamata ngozi bila kuikata.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Sahani kamili ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo mtaimbo unakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu, na kimo hicho ndicho kinachofundishwa katika kuinua kutoka chini. Anayeanza na sahani ndogo za chuma anaukuta mtaimbo uko chini zaidi, anakunja mgongo kuufikia, kisha anajilaumu kwamba hana mbinu. Kosa si lake. Weka mbao mbili imara chini ya sahani mpaka mtaimbo ufike kimo hicho. Halafu simama mtaimbo ukiwa juu ya katikati ya unyayo, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye goko. Shika, jaza pumzi, kaza makwapa, kisha isukume sakafu kwa miguu. Mtaimbo upande ukigusagusa miguu. Ukitengana nayo, mzigo umeuhamishia kiunoni.

Kuinua kutoka sakafuni hakuhitaji kingine chochote: ukishindwa, unaachia. Kuchuchumaa na mtaimbo mabegani au kulala benchi na kusukuma ni habari nyingine. Hayo usiyafanye peke yako bila fremu yenye nondo za usalama pande zote mbili. Nondo ziwe chini kidogo ya kimo chako cha mwisho cha kushuka, na uzijaribu kwa mtaimbo mtupu kwa kujifanya umeshindwa, uone unavyolala juu yake. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kati ya benchi na fremu, chukua fremu. Kifua utakijenga kwa pushapu ukiwa na kiroba chepesi mgongoni.

Nafasi ya tatu: mishikio miwili ya kutembea na mizigo

Huu ni mzigo mmoja kila mkono, unainuka nao na kutembea. Hakuna zoezi rahisi kulielewa kama hili, na ukichoka mizigo inatua kando ya miguu yako. Hufunza mkono kushika, tumbo kukaza na miguu kupiga hatua fupi za haraka. Ipo mishikio ya chuma inayopokea sahani za mtaimbo wako. Hiyo ndiyo ya kununua, kwa kuwa sahani unazo tayari. Pima kwanza unene wa bomba la kushikia. Likizidi milimita 35 viganja vitachoka kabla ya mwili, na anayeanza hahitaji hilo. Ukianza safari, mabega yashuke, macho yatazame mbele, wala usikimbilie kugeuka; wengi huumia kwenye kona.

Nafasi ya nne: ketibeli na dambeli

Ni nzuri kwa asiye na nafasi. Ukichagua ketibeli, nunua moja unayoweza kuisukuma juu ya kichwa mara tano bila kujipinda, na tundu la mshikio liingize mikono yote miwili. Dambeli ni chuma kifupi cha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye uzito ncha zote mbili. Za kubadilisha uzito zinashinda seti ya dambeli nyingi, mradi kifungio chake ni cha kukaza kwa nati. Zile za kubonyeza na kuzungusha kitufe zina vipande vya plastiki ndani, na hazivumilii kuangushwa. Kwa anayejifunza peke yake, kifaa kisichovumilia kuangushwa kimeshafeli swali langu la kwanza.

Vinavyosubiri: gogo, tairi, mawe

Gogo la chuma, lile wanalosukuma wababe juu ya kichwa wakishika mishikio iliyo ndani yake, ni kifaa kizuri sana. Tatizo ni kwamba likiwa tupu mara nyingi tayari linapita kilo 30. Mpaka uweze kusukuma uzito huo kwa mtaimbo bila kuyumba, dambeli mbili viganja vikitazamana zitakufundisha njia ileile ya mikono.

Tairi kubwa mara nyingi hupatikana bure, na ndiyo sababu watu hulikimbilia. Lakini halipunguziki hata kilo moja, na wanaoligeuza kwa kukunja mikono wanahatarisha msuli wa mbele ya mkono, ambao unaweza kukatika. Anayelijua huliegemeza kifua na kulisukuma mbele kwa miguu, mikono imenyooka. Bila mtu wa kukuonyesha, liache.

Jiwe la duara la zege ni la mwisho. Jiwe la kipenyo cha sentimita 35 lina takriban kilo 54; ukiongeza sentimita tano tu unafika kilo 80. Hatua za namna hiyo ni zilezile za wavuvi wa Dritvík. Fika kwanza mahali ambapo kiroba cha kilo 80 unakipandisha mara tano bila kusitasita.

Vidogo vinavyobadilisha kila kitu

Kama bajeti inaruhusu vipindi vitatu au vinne na kocha wa ana kwa ana, vilipie hata kabla ya kiroba. Ukinunua mafunzo ya mtandaoni, uliza jambo moja: kocha ataangalia video zangu na kunijibu, au atanitumia tu jedwali la mazoezi? Kwa video hizo, weka simu kimo cha nyonga, pembeni mshazari, na urekodi seti nzito ya siku, yaani marudio ya mfululizo ya mzigo wako mzito zaidi. Mkanda wa kiunoni usubiri miezi kadhaa, kwa kuwa unaisaidia pumzi uliyokwisha kujifunza kuishika, haufundishi pumzi. Viatu viwe na soli bapa na ngumu; vya kukimbilia vina sponji inayokuyumbisha. Mwenye ngiri, shinikizo la damu au ujauzito azungumze na daktari kwanza.

Usiogope kununua chuma kilichotumika. Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya na mafuta kidogo, na sahani ya miaka 30 ina uzito uleule iliyokuwa nao mpya, ingawa nashauri uipime. Mtaimbo uliotumika ufanyie majaribio yote niliyotaja, na fremu ikague kwenye viungio ilipochomelewa: ukiona ufa kama unywele, hata ukiwa umepakwa rangi, rudisha mkono mfukoni. Mikanda ya kamba na mipira ya kuvuta nunua mipya kila wakati.